Viazi vya Kupimia

Dukani kwa Baldovino, chini kabisa, karibu na bandari,
mipakato miwili imefunguliwa mezani:
mmoja wa inchi kumi na mbili, mwingine kumi na saba.
"Huu kilo moja na robo," asema.
"Huu mwingine tatu, kasoro kidogo."
Asema "kidogo" kama mtu asiyepanda ngazi.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mimi ni mhasibu wa miguu. Wateja wangu hawashuki.
Jumatatu ni Eduvina wa mikate.
Jumatano ni Onofre fundi viatu,
atunzaye risiti zake ndani ya buti la marehemu.
Ijumaa ni bucha la ndugu wawili wasiosemezana:
nawasomea faida ileile mara mbili,
kila mmoja chumba chake.
Kutoka barabara ya chini hadi kwa Eduvina
ni ngazi mia mbili na kumi na nne.
Nimezihesabu; kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Lifti ya mlimani imefungwa tangu Machi.
Kibao kinasema "kwa muda",
na kutu imeshaanza kukisoma.

Bega langu lina miaka hamsini na sita.
Macho yangu pia.
Wamezaliwa siku moja, na hawajawahi kupatana.

Kwenye ule mdogo nikafungua hesabu za Onofre.
Safu tisa zikaonekana. Ya kumi ikabaki nje ya kioo,
na ya kumi ndiyo ya madeni.
Kumbe mtu anaweza kuishi raha mustarehe, nikawaza,
ndani ya inchi kumi na mbili.

Kwenye mkubwa zilienea zote,
tarakimu zimekaa kwa nafasi, zimekunja miguu,
na deni la ngozi la mwezi Juni
likanitazama bila haya.

"Basi chukua wa kumi na nne," asema Baldovino. "Katikati."
Katikati, nikamjibu, ndipo bega linapouma
na macho bado hayaoni.

Sikununua. Nilikwenda kwa muuza mboga wa jirani:
viazi kilo moja na robo, mfuko wake;
viazi kilo tatu kasoro kidogo, mfuko wake.
"Kwa nini visikae pamoja?"
Nikamwambia hivi si viazi, ni kompyuta.
Akanipimia kimya. Akaongeza kitunguu, cha bure.

Nilipanda na mfuko mdogo:
ngazi ya themanini nikajikuta napiga mluzi.
Nikashuka.
Nilipanda na mkubwa:
ya tisini na moja nikabadili bega,
ya mia na arobaini nikakaa.

Hapo nikamkumbuka Hortensia Quiroz, aliyenifunza kazi hii,
na daftari lake pana kama mlango wa tanuri,
kwapani, miaka thelathini na nane.
Hakuna aliyemsikia akilalamika.
Ila mshonaji wake alijua:
kila gauni alilishona bega moja chini,
hata lile la mwisho.

Nilifika kwa Eduvina jasho likinitiririka, kitunguu mkononi.
Akauliza, "Umeamua?"
Nikasema tuchemshe kwanza ule mkubwa.
Tukaula kwa chumvi na siagi, maganda yake na yote,
na ule mdogo akauhifadhi kwa kesho.

Alhamisi nikarudi dukani. Nimenunua mdogo.

Sasa safu ya kumi naivuta kwa kidole.
Inapoingia huku, mapato yanatokea kule;
sijapata kuyaona yamekaa pamoja.
Bega halisemi kitu.
Onofre anainama juu yangu, gundi vidoleni,
anauliza kila Jumatano, "Je, tunadaiwa?"
Nami nakaza macho, nasogea karibu na kioo:
ngoja, Onofre.
Bado navuta.