Kulia Juu ya Kushoto

Naliaka, uliniuliza habari nikakujibu "nzuri",
kama ajibuvyo mtu mwenye debe kichwani.
Sasa nimeketi. Ngoja nikupe zote.

Maji huku Umoja huja Jumatano na Jumamosi,
siku nyingine mfereji hukohoa tu, kama baba mkwe
anayetaka ujue amefika.
Stima imepotea saa mbili, mwiko ukiwa sufuriani;
ugali nimeumalizia gizani, kwa kunusa.
Mutinda amenyoa kidevu kisicho na ndevu.
Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio.
Kazini wamenihamishia meza ya karibu na mlango,
wanasema ni heshima. Ni baridi.
Na ndiyo, nilimwacha Musyoki. Au yeye ndiye aliyeniacha:
hakuna aliyeandika kumbukumbu za mkutano.

Jana nilikuwa juu ya paa nikianika,
kamba ikakatika, shuka za nyumba nne zikalala vumbini.
Mikono ikaziokota ncha mbili kabla sijafikiri:
kulia juu ya kushoto, pitisha chini,
kushoto juu ya kulia, pitisha chini,
vuta.
Nikasikia filimbi ya Bi Awinja.

Naliaka! Agosti ile ya Ngong'!
Ukungu mzito hata tukawa tunatafutana kwa majina,
mahema yananuka mafuta ya taa na panya,
uji umeungua, na mpishi anaapa
kwamba ndivyo unavyopikwa kwa wazungu.
Wewe ulikuja na sanduku la chuma la kaka yako,
lenye kufuli, na ufunguo ukausahau nyumbani.
Mimi nilikuja na gunia la mama lililoandikwa SUKARI.
Wiki mbili nzima sikuwa na jina lingine.
Hadi leo, mwanamume akipaza sauti sokoni, "We, sukari!"
mimi hugeuka kwanza,
ndipo hukasirika.

Na ule usiku wa fisi.
Tulifungana miguu, wewe, mimi na Chelang'at,
kwa kamba ya hema, kwa fundo lile lile la mchana,
tukaapa: akiburutwa mmoja, tuburutwe sote.
Kikawa kinapumua nje, karibu na masikio yetu,
kinatafuna kitu, polepole, kwa adabu.
Kulipopambazuka tukamkuta punda wa muuza maji
na soksi zangu, zile nilizokuazima, zikining'inia mdomoni mwake.
Chelang'at alicheka hadi akajikojolea.
Ukainua ndoo bila kusema neno
ukatumwagia maji sote watatu, nawe mwenyewe,
katika baridi ile,
ili isijulikane ni nani.

Hilo sijamwambia mtu.
Hata siku ya mazishi yake, kule Bomet,
nilipoitwa niseme machache,
nilisema alikuwa mcha Mungu, mwenye bidii, mpenda watu.
Maneno safi, yamepigwa pasi.
Hukuja. Sikulaumu, kutoka Malaba nauli ni nauli.
Ila nilitazama safu zile za viti vya plastiki
nikitamani kichwa kimoja tu
kinachomjua yule punda.

Haya, stima imerudi.
Jengo zima limepiga vigelegele kana kwamba ameingia bi harusi.
Friji inaguna. Mutinda amesimama mlangoni,
anauliza namwandikia nani huku nikijifuta macho na kucheka.
Nimemwambia: mtu ninayemdai soksi.

Kamba bado imeshika.
Asubuhi mama Ndanu wa ghorofa ya tatu ametundika blanketi zima,
limelowa, zito kama ng'ombe aliyegoma,
nami nimesimama pale na beseni langu, sina la kufanya,
nikilitazama fundo tu.

Ukija Agosti, njoo na sweta.
Na soksi. Jozi mbili.