Matundu ya Wendell

Tezi ya mashua hii ina matundu saba.
Sita yamezibwa kwa silikoni iliyogeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku,
la saba lina skrubu isiyoshika kitu.
Darlene anayafuata kwa kidole kama anayekagua risiti:
hili la mwaka wa mafuriko,
hili alilitoboa amelewa,
hili aliapa ni la mwisho.
Kila tundu, sona moja. Kila sona, deni.
Nami, Mwajabu wa Kondoa,
niliyekulia kando ya mto wa mchanga
ambao maji yake tuliyafukua kwa vibuyu,
nimesimama uani Port Clinton na drili mkononi,
naambiwa nitoboe chombo
ambacho kazi yake yote ni kutokuwa na tundu.

Polepole, anasema. Alumini haina huruma.
Inatoka nyuzinyuzi, inajikunja kama kucha.
Gundi kwanza, skrubu baadaye.
Kihisi kikae chini ya ubao, kitazame chini wima;
kikipanda juu kitasikiliza mapovu,
na mapovu, kama baadhi ya waumini wa kanisani kwake,
yana maneno mengi na hayana habari.
Waya tunaupitisha mbali na wa injini
zisije zikasengenyana.
Fyuzi ya ampea tatu. Nyekundu kwa nyekundu.
Kitabu cha maelekezo nakisoma mimi, kwa sauti.
Wendell hakukisoma.
"Ndiyo maana ni saba," nasema,
na Darlene anacheka hadi anakaa chini.

Siku ya kwanza kioo kilijaa chuya.
Tukikimbia kinasema futi mia sita,
na ziwa upande huu halifiki hamsini.
Tukarudi nchi kavu, tukashusha kihisi upana wa kidole.

Siku ya pili, sakafu.
Mstari mnene penye mwamba, hafifu penye tope:
mwamba hukurudishia swali usoni,
tope humeza nusu yake.
Na samaki hawaji na mapezi wala mkia.
Wanakuja kama kope,
pinde ndogo zilizoinama.
Ilinichukua asubuhi nzima kuelewa
kwamba ukingo wa kulia tu ndio sasa;
kwingine kote ni jana, inasukumwa kushoto.
Upinde ukikamilika, mwenyewe keshapita.
Tulihesabu pinde zaidi ya mia.
Tulivua wolai wanne.

Ndipo alipotoa kadi kwenye pochi,
ndogo kuliko ukucha, ya sona ya tundu la sita.
Tukaichomeka. Ramani ikaota ndui.
MWAMBA. MWAMBA TENA. NYAVU ZA MPUMBAVU.
WATATU KABLA YA KAHAWA.
Na alama moja, kaskazini, peke yake,
haina jina, ina tarehe tu, ya Oktoba.
Darlene akavaa miwani.
"Oktoba ile," akasema, "aliniambia mashua iko kwa fundi."

Dakika arobaini, omo ikipigwa vibao na mawimbi.
Pale: futi thelathini na moja. Tope.
Hakuna jiwe, hakuna gogo,
hakuna upinde hata mmoja.
Nikaongeza nguvu ya mashine, nikapunguza.
Watu wa pwani husema tezi na omo, marejeo ni ngamani;
sikujua kuligeuza hilo kwa lugha yake,
wala kama lingefaa.
Akazima injini.
Kioo kikaendelea kuuliza,
tope likaendelea kujibu tope.
Tukakaa muda wa chungu cha wali kuiva.

Nilipogusa alama, mashine ikauliza: Nifute?

"Acha."
Kisha, amenipa mgongo: "Ipe jina."
"Jina gani?"
Akatia mkono majini, akautoa, akaukung'uta.
"Andika kina chake tu."

Nikaandika thelathini na moja.
Betri ilikuwa imeanza kulia.