Daftari la Mnong'onezi

Nilitumwa stoo kutafuta kofia.
Chini ya majoho ya Kutaisi yaliyoliwa na nondo
nikakuta daftari la Nazibrola,
mnong'onezi wa miaka thelathini na mmoja,
penseli ikififia pembeni mwa tamthilia.

"Hapa Otari husahau. Mpe silabi moja tu, ana haya."
"Hapa ngoja. Hajasahau, anavuta pumzi."
"Theluji. Watazamaji saba. Wameigiza kama kwa mia saba."

Jukwaani hakupanda,
hata usiku wa kugawiwa maua.

Ukurasa wa mwisho, mjane anapofunga mlango,
hakuna maagizo:
doa la chai, na mwandiko uliopinda.

"Leo hakuna aliyesahau hata neno.
Nimenong'ona vivyo hivyo."

Kofia sikuipata.