Ishara ya Kumi na Moja

Neumbe alinipigia simu saa tisa usiku, kutoka darajani:
"Kengele yenu imelala, au imekufa?"
Nikamwambia sijui. Huo ndio ukweli, na ndio aibu.
Programu iliyokufa huacha maiti,
huacha mabaki ya kumbukumbu nikayapasua asubuhi mezani.
Hii ilikuwa imekaa tu. Taa ya kijani inawaka,
Manafwa imepanda mikono mitatu,
na kisanduku kimeshika namba ya jioni
kama mtoto aliyeambiwa, Usiiachie.

Nikaketi. Mbale, Namakwekwe, chumba cha nyuma,
ndoo chini ya bati linalovuja.
Mwaka ni wa shufwa: kadodi zinashuka mtaani,
zinanikata wazo katikati, zinapita,
nami natafuta kwa kidole mstari nilioachia.

Lugha hii niliitunga mwenyewe. Naiita Malewa,
kwa kuwa nayo imekaa sana moshini kabla ya kulika.
Kuloba huicheka. Dunia, asema, ina lugha za kutosha.

Ndani yake nilichimba shimo kwa makusudi:
ukurasa wa sifuri, kiwanja kisicho na hati.
Kielekezi kitupu kikikanyaga pale
kichakataji kinashtuka, kerneli inapiga hodi:
ishara ya kumi na moja.
Mlangoni nimemweka mdakaji.
Anazisoma rejista, anatazama ni amri ipi iliyojikwaa,
kisha anamrudishia mwandishi kosa lenye jina
na namba ya mstari.
Kukagua kila hatua ni gharama;
mtego haudai kitu mpaka mtu atumbukie.

Zipo nyingine. Ya pili hutoka kidoleni
mwa mtu aliyechoka kusubiri.
Ya kumi na nne ni saa ya kuamsha.
Ya tisa haidakwi. Ya tisa haina hodi,
wala sitajifanya nimewahi kuizuia.

Na mrundo wa miito ukijaa,
wito juu ya wito juu ya wito,
mdakaji asimame wapi?
Nilimtandikia mkeka wake pembeni.
Anayezama haokolewi na mtu
aliyesimama juu ya kichwa chake.
Hilo nilikuwa nimelijua. Nilijisifu nalo, hata.

Saa kumi na moja kasoro, nikaliona lile nisilolijua.
Uzi mkuu ulikuwa ghalani ukichukua kumbukumbu,
mlango umeufunga kwa ndani, ufunguo mfukoni,
ndipo ishara ikaukuta
na kuusimamisha mguu ungali juu.
Akaingia mdakaji wangu, mwenye adabu, mwenye maneno mengi,
akataka kuandika taarifa: tarehe, kina cha maji, sababu.
Taarifa yataka kumbukumbu.
Kumbukumbu iko ghalani.
Akabisha.
Aliye ndani hafungui, amesimamishwa.
Aliyemsimamisha haondoki, anabisha.
Na ni mtu mmoja huyo,
pande mbili za mlango mmoja,
tangu saa tatu usiku.

Kadodi zikarudi, sasa zikipanda kuelekea Wanale.
Nikamfikiria kijana wanayempeleka.
Kisu kikifika hatoi hotuba.
Anasimama. Hapepesi.
Maneno yana siku yake, na pombe, na shangazi zake.

Nikafuta mistari arobaini, nikabakiza mmoja:
andika baiti moja bombani, urudi ulikotoka.
Kitanzi kikuu kitaiokota kikipita,
mikono mitupu, kufuli zote wazi,
na hapo kiandike taarifa ndefu kadiri kipendavyo.

Nilikipeleka kisanduku kwa bodaboda, nikiwa nimekipakata,
matope mpaka magotini.
Neumbe alinitazama nikikaza skrubu, asiseme kitu.

Juzi akapiga tena. "Imelia."
Nikashukuru Mungu kwa sauti.
"Usishukuru. Inalia hata ng'ombe akinywa maji."
Hilo, nikamwambia, ni kosa jingine.
Lina jina. Lina namba ya mstari.