Mvua ya Saa Mbili na Robo

Kila usiku, saa mbili na robo, mvua ilinyesha
ndani ya baa ya bwana Dietz, Toledo, Ohio.
Nje theluji imefika magotini,
ndani radi inanguruma kwenye spika mbili mbovu,
bomba lenye matundu linamwaga maji juu ya bati
na wateja, watu wa kiwanda cha vioo na wake zao,
wanashangilia kama watoto wasiojua nani anafua.

Makuti yalikuwa ya plastiki.
Bunju mkavu alining'inia, balbu ya manjano tumboni.
Menyu iliandikwa: Vinywaji vya Visiwani.
Haikusema visiwa gani.
Wanaume waliovijua, waliorudi kutoka vitani huko,
walikuja Jumanne tu, wakaketi mbali na radi.

Baba yangu hakuonekana.
Nyuma ya pazia la mianzi Crisanto Abrenica,
mzaliwa wa Ilocos, alichanganya kutoka chupa zisizo na majina:
Namba Mbili, Namba Nne, Namba Saba,
asije mtu wa baa jirani akaiba siri.
Daftari lake ungedhani ni la mtoto wa darasa la pili:
nne nusu, saba tone, mbili robo, tikisa, hesabu kumi.
Mteja akiuliza, "Fundi ni nani?"
mhudumu alijibu, "Mwenye baa."
Mwenye baa akapigiwa makofi.
Baba alisikia. Alikata ndimu.

Sieni Leavasa alitoka Samoa kuja kuuguza wazee.
Mchana alifunga vidonda; usiku walimvisha sketi ya majani
wakamwambia, cheza hula.
"Hula ni ya Wahawaii," alisema.
"Mama," akasema Dietz, "ukiwa Ohio, kote huko ni njia moja."
Akacheza. Ila mikono ilikuwa na habari zake:
jikoni, akila wali wa baba kwa vidole,
alitutafsiria kwamba leo ameimba
bei ya mafuta ya kupashia nyumba
na gauti ya bwana Dietz.

Na kile kinyago cha mlangoni, domo wazi, meno ishirini?
Alikichonga Bogumil Wrona, gerejini kwake,
kwa nguzo ya simu na picha ya kalenda.
Husemwa kinyago ukikichonga mwenyewe hakikutishi.
Wrona kilimtisha. Kilifanana na mjomba wake.

Jumamosi iliyopita vitu vyote vilipigwa mnada.
Kijana mwenye ndevu, shati la maua, jina lake Corwin,
anafungua baa kama hii chini ya nyumba ya benki.
Alinunua kinyago kwa dola elfu moja na mia nane
akakikumbatia kama anayepokea mgeni stesheni.
Alijua kila kitu: miaka, ukubwa wa bilauri,
hata jina la baba, akalitamka sawasawa,
jambo ambalo Dietz hakuliweza miaka thelathini na moja.
"Picha yake nitaitundika juu ya kaunta," alisema,
na macho yake yalikuwa na maji, sikatai.
Kisha, polepole: "Namba Nne ilikuwa nini?"

Nilikuwa na miaka sita, homa kali,
baba akanidondoshea Namba Nne ulimini.
Najua. Mdalasini, asali, na kitu cha tatu.
Nikamtazama. Mtu mwema kabisa.
Nikamwambia, "Sukari."
Sieni alicheka hadi kigari chake kikagonga meza.

Halafu akanyosha mkono: alitaka bomba.
Dola tano. Hakuna aliyeongeza.

Tukalifunga bafuni kwake, kwa waya na matambara.
Saa mbili na robo akaniambia nifungue.
Aliketi chini yake na nguo zake zote, na soksi.
"Kwetu," akasema, "mvua haina ratiba."
Akakaa humo muda mrefu kuliko nilivyopenda.
Kisha akaomba taulo, na kwa sauti ndogo akauliza:
"Ile Namba Nne. Kweli, ilikuwa nini?"

Nikafunga maji kwanza.