Glovu ya Semboja

Nimeipeleka Barabara ya Kumi na Mbili,
kibandani kwake anakoziba pancha za baiskeli,
glovu niliyoinunua kwa mshahara mzima
kwa ajili ya saini: wino wa buluu,
herufi zimelala kama nyasi za Mkwakwani.

Mzee Semboja akaigeuza, akacheka.
"Huu mwandiko wa Chambo, karani wa timu.
Mimi miaka ile kalamu siijui.
Penalti nilizidaka; jina langu ndilo lililonipita."

Nikanyamaza. Mnunuzi wa Dar alishataja laki tatu.

Akachovya dole gumba kwenye grisi ya mnyororo,
akalikandamiza kiganjani mwa glovu,
juu ya jina.

"Ina doa," mnunuzi akasema. "Elfu ishirini."

Nikaifunga tena gazetini,
polepole,
maana grisi haikauki upesi.