Namba Mia Moja na Kumi na Saba

Mimi sijapata kumwona Saimi Kettula akiimba.
Kazi yangu makoti: kupokea, kutundika,
kumkabidhi mtu kibati cha shaba chenye namba,
na Februari hapa Tampere makoti ni mazito
kama watoto waliolala.

Wimbo wake huanza saa mbili na dakika arobaini.
Hunijia kupitia ukutani, umevuliwa maneno,
irabu tupu,
kama mtu anayekuita kutoka chumba cha ndani
na akisikia unakuja, ananyamaza.
Wenye tiketi ndio walionieleza kisa:
mama wa kiwanda cha pamba anaandaa meza ya jioni,
anapanga vijiko, kimoja, kimoja, vitano,
kisha anakumbuka,
anakirudisha kimoja kwenye mfuko wa aproni.
Basi. Hakuna anayekufa mbele ya watu.
Mashine ilikuwa imeshamla mtoto
kabla pazia halijafunguliwa.

Nikajisemea, aliye kando haangukiwi na mti.
Nikaendelea kufuma soksi.

Usiku wa kwanza hawakupiga makofi.
Nilisikia kimya kikikaa, kikinenepa,
nikadhani umeme umekatika, nikasimama.
Kisha mtu mmoja akapenga kamasi
na ukumbi mzima ukashusha pumzi
kama ng'ombe zizini.

Wakatoka kwa mapumziko.
Kahawa walikuwa wameiagiza mapema,
vikombe vimepangwa, majina kwenye vikaratasi.
Hakuna aliyegusa kijiko.
Tuovi, daktari wa meno, alikoroga kwa kalamu.
Zimamoto tisa waliokuja kwa basi kutoka Orivesi
walisimama wakitazama viatu vyao,
na mkubwa wao, akijifuta uso, akasema
hita za humu zimezidi.
Binti mwenye nywele za kijani akasema, "Nimeuchukia,"
akasema tena, "nimeuchukia mno,"
akajibanza chini ya ngazi na kumpigia mama yake simu.
Bwana wa daftari, anayeandikia gazeti,
alidai noti ya mwisho ilishuka robo,
tena yule dada anapitiliza.
Nikampa koti lake.
Mara tatu alitia mkono kwenye mkono usio wake.

Si wote, nisiseme uongo.
Mama wa skafu ya njano aliniuliza
kama keki ya karoti imekwisha.
Imekwisha, nikamwambia.
Akasikitika kwelikweli.

Usiku ule, taa zikizimwa, koti moja likabaki.
La kijivu, kiwiko kimetiwa kiraka kwa mkono wa mtu mvumilivu.
Mia moja na kumi na saba.
Nikatoka nalo.
Mzee alikuwa darajani, juu ya maporomoko,
shati na tai tu, theluji imemkalia mabegani,
kibati amekikamata ngumini.
"Bwana, koti lako."
Akalitazama kama mtu aliyepata kumjua zamani.

"Wameukosea," akasema.
"Mama hakirudishi.
Mama yetu hakukirudisha.
Alikiweka mezani kila jioni, miaka thelathini na moja,
na zamu ya kuosha vyombo ilikuwa yangu.
Nilikuwa nakiosha na chenyewe.
Kisafi. Nakiosha."

Sikupata la kusema.
Nikamvika koti, mkono mmoja, mkono wa pili,
nikafunga vifungo mpaka kooni,
akanishukuru kwa jina ambalo si langu,
akaenda zake upande wa kituo cha treni.

Kibati hakikurudi.
Meneja ameniuliza mara mbili,
anasema kila namba ina gharama yake.
Nami ikifika saa mbili na dakika arobaini
soksi huiweka chini,
na kulabu ile siitundiki kitu,
hata watu wakijaa, hata makoti yakirundikana sakafuni.
Namba haijapotea, nimemwambia, ipo na mwenyewe.
Akitaka, anikate mshahara.